Usimrejeshe Mtoro

Ndugu zangu, agizo la Mungu katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 halina utata: mtumwa akikukimbilia, mpe mahali pa kukaa, wala usimtie tena mikononi mwa bwana wake. Lakini Mei 1796, mjini Philadelphia, katikati ya watu wa kanisa na Biblia, gazeti lilichapa tangazo la kumsaka mtumwa: Ona Judge ametoroka nyumbani kwa Rais wa Marekani. Atakayemkamata alipwe dola 10.

Tangazo lile linataja madoadoa ya ngozi yake, weusi wa macho yake, wingi wa nywele zake, hata nguo zake nzuri. Kisha linadai kwamba binti huyu hakuchokozwa na mtu. Hakuchokozwa! Alikuwa amejua kwamba Martha Washington, mke wa Rais, angemtoa kwa mjukuu wake aliyeolewa, awe zawadi. Ewe mzazi, mwanao akitolewa kama zawadi, utasema hakuchokozwa?

Na Rais mwenyewe, George Washington, ndiye aliyeitia saini, mwaka 1793, sheria ya kuwarudisha watoro. Aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya dola 500. Hapo ndipo imani ilipopimwa, kwa maana tangazo halikuandikwa ili asome mtoro. Liliandikwa asome jirani! Liliuliza kila aliyeliona: una bei gani wewe?

Watu weusi wa Philadelphia walikuwa wamekwisha kupokea mizigo ya Ona. Aliondoka mabwana wakiwa mezani wanakula. Nahodha John Bowles alimvusha hadi mji wa Portsmouth, na Ona hakumtaja jina mpaka nahodha alipokufa, asije akaadhibiwa. Joseph Whipple, mkuu wa forodha wa huko, alitakiwa amrudishe; alizungumza naye, akamsikia, akakataa kumchukua kwa nguvu. Ona alikufa mwaka 1848. Mbele ya sheria alikuwa mtoro bado.

Wapendwa, jirani bado anaulizwa. Dada zetu wameajiriwa kazi za ndani Saudi Arabia. Wako walionyang'anywa pasipoti, wakapigwa, wakanyimwa mshahara. Mmoja wao akikimbia, mwajiri humripoti kuwa ametoroka, na anayesakwa ni yeye, si aliyempiga. Ewe msomaji uliye Riyadh au Dammam, akibisha mlangoni pako, mfungulie. Mpe chakula. Mpe simu azungumze na mama yake, umsaidie kuufikia ubalozi. Wala usimpigie mwajiri wake.