Mji Ukiwa na Roketi

Nimekulia Isiolo, mji wa kambi za jeshi. Hapa lori la wanajeshi likipita hakuna anayegeuka. Tukikaa kwa chai jioni, kila mtu ni jenerali. Juzi rafiki yangu alinionyesha video ya HIMARS, ile mitambo ya roketi ya Marekani, akasema, "Mazee, mji ukiwa na hii, nani ataugusa?"

Swali hilo lilinifuata mpaka nyumbani.

Tuangalie Kharkiv, Ukraine, mji ulio karibu na mpaka wa Urusi. Mwisho wa Mei 2024, Marekani iliruhusu Ukraine kutumia roketi hizi kupiga ndani ya Urusi upande huo. Zinafika zaidi ya kilomita 70, yaani kama mara mbili ya kutoka hapa hadi Archer's Post. Makombora yaliyokuwa yakirushwa kutoka ng'ambo yakapungua. Kwa hivyo ndiyo, zinasaidia. Lakini roketi hii haidaki bomu angani, inamfuata anayerusha. Na yeye si mjinga, anasonga nyuma. Ndege za Urusi zikaendelea kuachilia mabomu kutoka mbali. Agosti 30 mwaka huohuo, moja likapiga jengo la makazi Kharkiv.

Hapo ndipo swali linageuka kuwa la maadili. Kujilinda kwa njia hii ni kuua kwanza, upande wa pili. Mimi sioni ubaya wa kumpiga anayelenga watoto wako. Shida ni kwamba shabaha ni kazi ya mtambo, lakini kuchagua wa kupigwa ni kazi ya mtu mwenye hasira. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa na haki yote: Amin alikuwa amevamia Kagera. Lakini mizinga na roketi zilipofika Masaka, mji ukabomolewa, kulipiza kisasi. Wenye maduka pale hawakuvamia mtu. Waganda waliziita roketi zile Saba Saba. Hazikuwa na shabaha ya HIMARS, ni kweli, lakini shabaha nzuri ingewasaidia nini watu wa Masaka, ikiwa mji wenyewe ndio uliolengwa?

Halafu kuna mabaki. Huko Archer's Post wafugaji waliumizwa na mabomu ya mazoezi yaliyoachwa porini bila kulipuka, na mwaka 2002 Uingereza ikakubali kulipa fidia. Hapakuwa na vita hata siku moja.

Nilimjibu rafiki yangu hivi: Isiolo ikipigwa, hata mimi nitaitaka hiyo roketi. Lakini nitataka kujua nani anachagua pa kupiga, na nani atamzuia siku akikasirika.

Akasema nasoma sana kwa mtu aliyeacha chuo. Nikamlipia chai.