Neno la Kijana ni Amana

Mwanangu,

Umekuja barazani kwangu na shahada yako ya ustawi wa jamii kutoka chuo kikuu chetu cha SUZA, ukaniambia unataka kuwa mtafiti, tena wa vijana wanaoishi katika mazingira magumu. Nimefurahi. Wakati wetu, mimi na wenzangu tulivuka bahari kuisoma fani hii katika chuo cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1973. Nyinyi mnaisoma nyumbani. Basi kaa kitako nikwambie niliyoyajua baada ya chuo.

Nina neno moja tu, mengine yote ni matawi yake: analokwambia kijana ni amana. Ukilichukua, lichukue kwa adabu. Ukiwa nalo, lihifadhi. Ukimaliza, lirejeshe kwa mwenyewe.

Nianze na kuchukua. Pata kibali cha utafiti, nenda kwa sheha, jitambulishe kwa wazee wa mtaa. Hilo ni sharti. Lakini kibali cha sheha hakifungui kifua cha mtoto. Nenda Forodhani jioni, maji yakijaa, uwatazame vijana wanaopiga makachu, wakijirusha baharini kutoka ukutani. Mtalii anapiga picha, anaondoka. Wewe kaa. Kaa leo, kesho na keshokutwa. Jua likizama utawaona wengi wanakusanya nguo zao mbiombio kuwahi Magharibi, na yupo mmoja asiye na haraka. Anaikamua kaptula yake polepole, anaivaa tena mbichi, anarudi kukaa ukutani. Huyo usimuulize ana matatizo gani. Muulize jana amelala kwa nani. Atakwambia kwa bibi Kwahani, juzi kwa shangazi Fuoni, na mwezi uliopita kwa baba Bububu, ambako kuna mama mwengine. Talaka imemgawa, na kila nyumba inadhani yuko ile nyengine. Katika jibu hilo moja umepata mengi ambayo dodoso lako lisingeyapata kwa kurasa kumi.

Chunga na lugha ya kuulizia. Maofisini tunasema udhalilishaji, tukikusudia ukatili, hasa wa kingono, na sote tunaelewana. Niliwahi kumuuliza kijana kama amewahi kudhalilishwa, akasema ndiyo, mwalimu alimkaripia mbele ya darasa. Mwengine nikamuuliza swali lile lile, akasema hapana. Miezi miwili baadaye ndiye aliyefikishwa Mkono kwa Mkono, kituo cha waliofanyiwa ukatili, hospitali ya Mnazi Mmoja. Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemuuliza kwa neno lisilo lake. Yajue maneno ya vijana kabla hujaandika maswali yako, na usiulize jambo zito kama hujui utampeleka wapi atakapokujibu. Kumfungua mtoto kidonda kisha ukaondoka na karatasi yako ni dhulma.

Zipo nambari ninazotaka uzikumbuke. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Hapa Zanzibar, takriban asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18. Wavulana wamewazidi wasichana. Na sisi tunamhimiza mtoto wa kike awe ndani kabla ya Magharibi, wa kiume tunamwacha barabarani, tukiamini hana cha kuharibiwa.

Kisha ujue kwamba hao ni waliosema. Wapo wengine waliofungwa mdomo na muhali, ile haya ya kumkosea ndugu au jirani. Muhali huukuti katika vitabu vya chuo, lakini ndio unaozizima kesi zetu. Aliyefanya ni mjomba, au jirani aliyetuzikia baba yetu, au maalim wa madrasa. Tukimpeleka polisi tutatazamanaje? Basi watu wazima wanakaa mkekani, wanapatana, wanasomeana Fatiha, na mtoto yuko nyuma ya pazia anasikia shauri lake likimalizwa bila yeye. Tunayo Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011, sheria nzuri, iliyotunukiwa dhahabu katika tuzo ya kimataifa ya Future Policy Award mwaka 2015. Lakini pale mkekani hakuna anayeitaja. Kama unatafuta swali la kulifanyia kazi miaka ishirini, hilo ninakupa: muhali unavunjwa vipi bila kuvunja udugu? Atakayelijibu atakuwa amewafaa watoto wengi.

Sasa kuhifadhi, na hapa nakusimulia kosa langu. Miaka mingi iliyopita niliandika ripoti juu ya vijana wanaotumia unga. Kijana mmoja nilimbadilisha jina, nikadhani nimemsitiri. Lakini niliandika kwamba ni fundi wa mashua Malindi, anashika randa kwa mkono wa kushoto, na amelelewa na bibi yake. Ripoti ilipotoka, haikupita wiki mtaa mzima ukamjua. Fundi mkuu akamnyima kazi. Nilikwenda kuomba radhi. Bibi yake alinikaribisha, akanimiminia chai, hakunilaumu. Alisema jambo moja tu: “Mwanangu, alikwambia wewe peke yako.”

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Zanzibar nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773. Huo ni mji mmoja wa nchi nyengine. Hapa jina si pazia. Mkono wa kushoto ni jina, kovu ni jina, bibi anayeuza mofa ni jina. Kila sentensi uiulize: jirani yake akiisoma, atamjua? Kama atamjua, ifute, hata ikiwa ndiyo sentensi nzuri kuliko zote.

Na usimwandike kijana kwa jina la matusi. Teja, papasi, chokoraa ni majina aliyopewa na waliochoka naye. Wewe usiwe miongoni mwao. Tazama tafiti za virusi vya UKIMWI za 2007 na 2012 kwa wanaojidunga dawa za kulevya hapa Unguja. Washiriki hawakufuatwa vichochoroni kwa nguvu. Wachache walikubali kuja, wakapewa kuponi wawapelekee wenzao, na wenzao wakawapelekea wengine. Imani ilipita mkono kwa mkono, na ndivyo tulivyojua kwamba maambukizi kati yao yalikuwa takriban asilimia 16, kisha asilimia 11. Anayeitwa mwizi na kila mtu ndiye aliyetunza kuponi mfukoni na kuifikisha.

Juu ya maisha yako mwenyewe nitasema machache. Kabla hujaitwa mtafiti, fanya kazi na vijana wenyewe miaka mitatu minne: mahakamani, hospitalini, katika nyumba ya watoto Mazizini. Fedha za miradi huisha, na mfadhili huja na swali lake tayari. Mheshimu, lakini jifunze kumwambia kwamba swali la vijana wetu ni jengine. Na andika kwa Kiswahili kwanza. Kama huwezi kulieleza jambo kwa lugha ya aliyekwambia, bado hujalifahamu.

La mwisho ni kurejesha, nalo ndilo tunaloliacha wengi. Baada ya kosa lile la Malindi nilijiwekea ada: sichapishi habari ya mtu mpaka nimsomee. Kulikuwa na msichana Jambiani, ameacha skuli akafunga mwani na mama yake. Nilirudi na kurasa zangu mbili, tukakaa chini ya mvinje, nikamsomea yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nifute mstari uliomhusu mama yake. Nikaufuta mbele yake. Akasema, “Sasa andika kwamba nilikuwa wa pili darasani.” Sikuwahi kumuuliza hilo. Nilikuwa nimeuliza kila kilichompotea, sikuuliza alichokuwa nacho.

Nenda mwanangu, na Mungu akujaalie masikio kabla ya kalamu. Ukirudi Forodhani, kaa upande ule wenye kivuli. Wanapenda kukaa hapo.