Wanatuchimbia visima hawatujui: je, tumewashukuru?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, nianze na jambo lililonikuta mwenyewe. Madrasa yetu ilipokamilika kuezekwa, nilipewa kazi ya kusoma majina ya waliochangia, baada ya swala ya Ijumaa. Niliwasoma wote: aliyetoa mabati, aliyetoa mifuko ya saruji, fundi aliyesamehe ujira wake wa siku mbili, na bibi mmoja jirani aliyeleta shilingi mia tano zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. Tukawaombea dua, watu wakaitikia Amin, nami nikatoka nikiwa nimeridhika.

Pale nje kijana mmoja anayetusaidia kufundisha kompyuta madrasani akanipa mkono, akaniuliza kwa adabu: "Ustadh, ile orodha umeiandika kwa kutumia nini?" Nikamwambia, kwa kompyuta ya madrasa. Akasema: "Na ile programu uliyoiandikia, nani aliilipia?"

Sikuwa na jibu.

Kompyuta zetu ni nne, kuukuu, za kupewa. Zamani tulizitilia programu zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe, jambo ambalo mwalimu wa dini haimpasi kulifumbia macho. Kijana huyu ndiye aliyeziondoa, akatuwekea Linux na LibreOffice. Hatukutoa hata senti. Miaka sita sasa, karatasi za mitihani, risiti, barua kwa wazazi na ratiba ya darsa za Ramadhani vyote vinatoka humo. Na katika miaka hiyo hatukuwataja wenye kazi ile hata kwa neno moja.

Hizi ndizo zinazoitwa programu huria. Maandishi yake ya ndani yameachwa wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Baadhi ya watengenezaji wake hulipwa mishahara na makampuni, lakini wengi hujitolea usiku baada ya kazi zao. Nyuma yao wapo watu wa kawaida wanaotoa fedha kidogo kidogo ili mitambo ilipiwe na kazi isisimame. Waanzilishi wa LibreOffice walipojitenga mwaka 2010 na kutaka kusajili taasisi yao nchini Ujerumani, walihitaji mtaji wa euro 50,000. Mapema mwaka 2011 waliwaomba watumiaji, na fedha hizo zikapatikana ndani ya siku nane tu. Taasisi ikasajiliwa Berlin mwaka 2012. Bibi yetu wa pindo la khanga, kumbe anao wenzake Ulaya na kwingineko.

Tusidhani jambo hili liko mbali na dini yetu. Maandishi ya Qur'an yaliyomo katika programu na tovuti nyingi yametokana na mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kupata nakala ya kompyuta iliyohakikiwa, isiyo na kosa. Wameitoa bure. Masharti yao makubwa ni kwamba maandishi yasibadilishwe, na chanzo chake kitajwe. Basi hapa hata kutaja jina ni katika kutimiza ahadi. Ipo pia hati ya Amiri, ambayo Khaled Hosny wa Misri aliichora kwa kufuata herufi za Matbaa ya Amiriya ya Bulaq, Cairo, akaiacha huru kwa kila mtu. Wangapi kati yetu tumechapisha vijitabu vya dua kwa hati hiyo?

Ndugu Waislamu, mfano wa kazi hii tunao katika historia yetu. Waislamu walipohamia Madina, maji matamu yalikuwa ya kununua katika kisima cha Ruma. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu. Ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya maskini kisimani pale. Hiyo ndiyo programu huria: aliyeigharimia na asiyetoa kitu wanateka sawasawa. Lakini kuteka sawasawa si sababu ya kumsahau aliyenunua kisima.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu huyo hajamshukuru Allah. Akatuelekeza pia kuwa anayetendewa wema aulipe, na akikosa cha kulipa amwombee mtendaji mpaka aone kuwa ameshamlipa.

Yapo maneno mawili ambayo husemwa katika suala hili. La kwanza ni kwamba wale hawataki shukrani. Ni kweli, Surat al-Insan inawasifu wanaolisha chakula kwa ajili ya Allah, wasitake kwa wanaowalisha malipo wala shukrani. Lakini aya ile inaeleza moyo wa mtoaji. Haikumsamehe mpokeaji. Mtoaji akiona haya kudai, mpokeaji aone haya zaidi kunyamaza.

La pili ni kwamba wengi wao si Waislamu. Hadithi imetaja watu, haikuchagua. Na tumkumbuke Mut'im bin Adiyy. Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka Taif akiwa amepigwa mawe, ni Mut'im aliyempa hifadhi aingie Makka, naye alikufa bila kusilimu. Baada ya vita vya Badr, kama alivyopokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa lau Mut'im angekuwa hai na kumwombea mateka wale, angewaacha huru kwa ajili yake. Huyo ndiye Mtume wetu. Wema wa mtu hakuusahau hata baada ya miaka na baada ya vita.

Tena kutoshukuru kuna madhara hapa hapa duniani. Ipo programu huria iitwayo OpenSSL, inayolinda siri za watu kwenye intaneti, zikiwemo za mabenki. Ilitumiwa na makampuni tajiri ulimwengu mzima, lakini michango ya hiari iliyokuwa ikiifikia ilikuwa kama dola 2,000 tu kwa mwaka, na mtu aliyeifanyia kazi muda wote alikuwa mmoja. Mwaka 2012 likaingia kosa ambalo halikuonekana hadi Aprili 2014, likaitwa Heartbleed. Dunia ikataharuki, nywila zikabadilishwa kila mahali, na ndipo makampuni makubwa yakakumbuka kuchangia. Wote walikuwa wakiteka. Aliyekagua kuta za kisima alikuwa karibu peke yake.

Tufanye nini, basi? Allah (S.W.) aliwaamrisha watu wa Daud wafanye kazi kwa kushukuru, tukajua kuwa shukrani haiishii ulimini. Mwenye uwezo wa kutuma fedha atume, hata kidogo. Asiye nao atoe elimu yake: atafsiri kwa Kiswahili, au aripoti kosa analoliona ili lirekebishwe. Njia hii tumeshapitishwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza lugha yetu. Vijana wetu wanaojua kompyuta wasiwe watekaji tu.

Na tunaoongoza misikiti na madrasa, tukisoma majina ya wachangiaji tuwataje na hawa. Ijumaa iliyofuata nilirudi mbele ya jamaa, nikasema kuwa orodha yangu ilipungua. Nikaeleza kuwa wapo watu tusiowajua, wa nchi mbalimbali, waliochangia madrasa hii bila kujua kuwa ipo. Wapo waliocheka kidogo, wakidhani natania. Yule bibi wa shilingi mia tano, kutoka upande wa wanawake, ndiye aliyetangulia kusema: "Allah awalipe kheri, na awaongoze."

Tukaitikia Amin. Nami nakuomba, ndugu msomaji, nawe uitikie, kisha utazame mikononi mwako unatumia kisima cha nani.

Wabillahi tawfiq.