Tundu Linabaki



Likizo iliyopita nilikuwa Tabora kwa baba mdogo, fundi wa malori. Uani kwake palikuwa na Bedford kuukuu iliyobeba tumbaku miaka na miaka kutoka Urambo na Kaliua, upande uleule ilikopita misafara ya zamani kwenda Ujiji. Hanga ya springi ya nyuma ilikuwa inacheza kwenye chasisi. Na hanga ikicheza, springi inahama, ekseli inahama, gari linatembea upande kama kaa.

Baba mdogo akaniita chini ya gari. Akawa anagonga ripiti moja moja kwa nyundo ndogo. Nzima ililia kwa sauti kali. Mbovu ilitoa sauti nzito, kama sufuria yenye ufa. Kuzunguka kichwa chake palikuwa na unga mwekundu wa kutu. "Hii imeachia zamani," akasema. "Dereva hajui tu."

Mimi nilidhani kazi ni ndogo: ng'oa ya zamani, weka mpya. Akacheka. Alipokata kichwa na kuisukuma itoke, akamulika tundu kwa tochi ya simu. Halikuwa duara tena. Muda wote ripiti ilipokuwa inacheza, ilikuwa inakula chuma, tundu likawa kama yai. "Frateri, ukiweka mpya ya saizi ileile humu, unajidanganya. Mwezi haufiki, inacheza tena." Kwa hiyo unalitoboa upya mpaka lirudi duara, yaani unaondoa chuma zaidi, halafu unaweka ripiti nene kuliko ya mwanzo. Inapashwa kwenye mkaa hadi iwe nyekundu. Mmoja anaikinga kichwa kwa chuma kizito, mwenzake anagonga upande wa pili kabla haijapoa. Ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunabana vyuma viwili pamoja.

Mzee huyu akianza habari za ripiti lazima amalizie na MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa Reli ya Kati hadi Kigoma na kupigwa ripiti upya pale. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. (Waliosoma falsafa wataanza kunitajia meli ya Theseus. Leo siendi huko.)

Mimi nilibaki na lile tundu la yai.

Kabla sijaingia seminari nilikuwa mweka hazina wa vijana parokiani. Nilitumia shilingi 60,000 za kikundi kwa mambo yangu. Hesabu ilipokataa, macho yote yalimwendea kijana mwingine, kwa sababu ndiye aliyewahi kubaki na ufunguo wa sanduku. Mimi nilinyamaza. Sikumtaja, ni kweli, lakini sikusema pia kwamba si yeye. Akaacha kuja. Mwaka uliofuata niliungama, nikaondolewa dhambi, na baadaye nikatia 60,000 kwenye kapu la sadaka nikiwa nimezikunja vizuri. Nikatoka mwepesi kabisa.

Sasa swali: nikishasamehewa, bado nadaiwa nini? Tusichanganye mambo. Ile ripiti mbovu ilitoka kweli. Msamaha wa Mungu si wa mkopo, hatuulipii kwa awamu. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika sehemu ya tatu ya Summa, swali la 86, anafundisha kwamba hatia inaweza kuondolewa na mabaki ya dhambi yakabaki. Na Katekisimu, namba 2487, inasema kosa dhidi ya haki na ukweli linadai fidia hata kama mkosaji ameshasamehewa. Namba hiyo niliisoma darasani, nikaijibia mtihani, nikapata alama nzuri.

Pesa yangu ya kapuni ilikuwa ripiti ya saizi ileile. Ilikuwa sawa na nilichochukua, siyo na nilichoharibu. Zamani nilikuwa naona Zakayo anatia chumvi kuahidi kurudisha mara nne. Siku hizi nadhani alikuwa anapima tundu.

Utaniambia, "Frateri, hakuna anayelazimika kujianika." Ni kweli, na kuna vidonda ambavyo ukivifunua unamuumiza mwingine zaidi, hapo muulize padre wako kwanza. Ila mimi nilikuwa naitumia hoja hiyo kujificha. Jina la mtu lilikuwa linacheza miaka sita, na nyundo nilikuwa nayo mimi.

Bedford ilipokwisha nikapanda nayo hadi Urambo. Nilimkuta anakaza mnyororo wa pikipiki yake. Nikamwambia yote, pamoja na kiasi. Hakuinua kichwa kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama nimeshamwambia mama yake.

Nikasema bado.

"Yeye ndiye aliyeacha jumuiya," akasema. "Mimi nilikuwa nasali tu, parokia nyingine."

Kwa mama yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nikaliacha begi langu pale kwake, nikaenda.