Mgeni Asimzike Mwenyeji: Nasaha ya Spika na Redio za Magari ya Zamani

Vijana wangu mnaofufua magari ya zamani, kazi yenu naiona na ninaisifu. Rangi mnaipata, viti mnavishona upya, hata vioo mnavisaka mpaka mnavipata. Ila mkifika kwenye redio, pupa inawashika. Karatasi ya spika imepasuka kwa jua la dashibodi, basi mnakimbilia dukani kuchukua ile iliyoandikwa wati kwa herufi kubwa kuliko zote. Mnaiunga, inaimba, mnashangilia. Haipiti muda, redio kimya.

Kwanza, wati zile za kwenye boksi si nguvu inayotoka kwenye spika. Ni kiasi inachoweza kustahimili. Redio ya transista ya miaka ya 1960 hutoa wati chache tu, tano hivi. Spika nzito iliyoundwa kwa amplifaya kubwa ikipewa hizo tano itanong'ona. Tazameni desibeli: spika ya desibeli 87 inadai nguvu mara nne ya ile ya 93 ili sauti zilingane. Karatasi nyepesi ndiyo inayoifaa redio ya kizee.

Lakini kunong'ona hakuui redio. Kinachoua ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Redio nyingi za Delco zilizofungwa kwenye Chevrolet za miaka ya 1960 zilitaka spika ya omu 10, na spika nyingi za gari zinazouzwa leo ni za omu 4. Ukinzani ukishuka hivyo, transista ya kutolea sauti inabebeshwa mzigo usio wake. Transista hizo ni za jermaniamu: zikipata joto hupitisha umeme zaidi, umeme ukizidi joto nalo huzidi, hadi ziungue. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu anakuja kumzika mwenyeji.

Shikeni hili basi: omu zikizidi kidogo, mtapoteza sauti, zikipungua sana, mtapoteza redio. Mkikosa 10, fungeni 8. Spika mbili za omu 4 mkiziunga kwa mfuatano mnapata 8. Mkiziunga sambamba mnapata 2, na hapo mmeiua kwa mikono yenu.

Redio za valvu zina sheria yake. Nyingi za miaka ya 1950 zilitaka omu 3 au 4, kwa hiyo spika ya leo huweza kuzifaa. Ila msiziwashe kamwe bila spika: transfoma ya sauti isiyo na mzigo huweza kuzua volti kali na kujitoboa yenyewe.

Kabla ya kuitupa spika ya zamani, chomoeni waya zake mpime kwa multimita. Mita husoma chini kidogo ya omu zilizoandikwa: ya 10 itaonyesha kama 8, ya 4 itaonyesha 3 na ushei. Kisha wekeni ncha za vidole pande mbili za karatasi, mkaisukume taratibu huku mmetega sikio. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku. Ikienda kimya na mita inasoma, spika ni nzima. Kilichochanika ni karatasi tu, na karatasi huzibwa kwa kiraka chepesi na gundi isiyokakamaa.

Ikibidi kununua, pimeni pia kina cha tundu, maana sumaku za leo ni nene na dashibodi za zamani zimebana. Waya nazo fuateni zilivyokuwa: kuna redio iliyokubali waya mmoja wa spika ushike bodi, na kuna ambayo ukigusisha tu imekwisha.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Kwa kazi nyingi za gereji ninawaunga mkono. Ila mteja amewaletea redio moja, na transista yake haipo kwenye duka la pale kona. Pimeni kwanza, pesa zitoke baadaye.