Kulinda Nyumba ya Mwenzako Wakati wa Baridi

Katika toleo hili tunapenda tufikiri pamoja juu ya swali moja. Mtu akiachiwa nyumba ya mwenzake ailinde, na baridi ikamkuta humo bila kutazamia, ana ruhusa gani juu ya vitu vya mwenye nyumba? Je, aote moto kwa kuni zake? Ajifunike blanketi lake? Na kuni zikiisha, je, achome mlango?

Wengine watasema kwamba katika nchi zetu baridi si jambo la kuogopa. Ni kweli kwamba Gisenyi mjini, kando ya ziwa Kivu, watu huenda kupumzika kwa sababu hali ni ya joto la kiasi. Lakini toka ziwani upande mpaka Mudende, chini ya mlima Karisimbi wenye meta 4,507. Kila unapopanda meta 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Tena katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mchana jua huwaka, lakini usiku hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee, na baridi huingia mpaka mifupani. Aliyekuja na nguo za ziwani atatetemeka usiku wa kwanza.

Mudende ina historia inayotugusa. Mwaka 1984 Waadventista Wasabato walifungua chuo kikuu pale. Mwaka 1994, wakati wa vita na mauaji ya kimbari, chuo kilifungwa, na baadaye kikaanza upya Kigali. Mwaka 1996 na 1997 Mudende palikuwa na kambi ya wakimbizi waliotoka Masisi na sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini. Kambi ile ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba 1997, na watu wengi wakauawa. Waliosalia wakahamishiwa Gihembe, karibu na Byumba, ambako nako ni mlimani na kuna baridi. Gihembe nayo ikafungwa mwaka 2021, wakapelekwa Mahama. Miaka hiyo yote walilala kwenye ardhi ya wengine, huku nyumba na mashamba yao yakibaki mikononi mwa wengine. Basi swali letu si mchezo. Wengi wetu ni walinzi wa vitu vya watu, na papo hapo ni wenye nyumba ambazo hatujui ziko katika hali gani.

Kuna majibu mawili ambayo husikika mara nyingi. La kwanza ni kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kijiti usiguse. Jibu hili lina heshima, lakini halina huruma. Mwenye nyumba alitaka mlinzi aliye hai, na mlinzi aliyeuguzwa na baridi halindi kitu. La pili ni kwamba shida haina sheria. Hili lina huruma, lakini ni la hatari. Mlango uliochomwa hupasha watu joto usiku mmoja tu. Kesho baridi iko palepale, na sasa nyumba iko wazi kwa upepo na kwa wezi.

Torati inatuonyesha njia ya katikati. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, mpita njia anaruhusiwa kula zabibu za jirani mpaka ashibe, lakini haruhusiwi kutia hata moja katika chombo chake. Katika Kutoka sura ya 22, aliyechukua vazi la maskini kama rehani anaagizwa alirudishe kabla jua halijatua, maana huyo hana kingine cha kujifunikia. Sheria hizi zinajua kwamba mwili una njaa na una baridi. Zinajua pia kwamba kushiba ni jambo moja, na kujaza kikapu ni jambo lingine.

Basi kuni zilizopangwa ukutani zilikatwa ili zichomwe. Mlinzi aote moto. Blanketi lilifumwa ili limfunike mtu; ajifunike, kisha alifue na kulikunja. Mlango ni sehemu ya nyumba yenyewe, asiuguse. Lakini tuseme usiku mmoja mtoto anakaribia kufa kwa baridi, na hakuna jirani wala kijiti. Hapo auchome, kwa maana uhai hupita mbao. Ila mwenye nyumba akirudi, asingoje kuulizwa. Aseme, "Mlango niliuchoma mimi, na nitautafutia mwingine." Shida huondoa hatia, lakini haiondoi deni. Mwenye nyumba anaweza kulisamehe deni hilo. Mlinzi hawezi kujisamehe mwenyewe.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Anayemwachia mtu funguo katika nchi ya baridi bila kumwachia kuni wala ruhusa, amemtega. Akirudi, na ahesabu milango, asihesabu vijiti.

Tujihadhari na jambo moja zaidi. Novemba 1996 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walirudi kwao kwa kupitia Gisenyi, na wengi walikuta watu ndani ya nyumba zao. Baadhi ya waliokuwemo nao walikuwa wametoka uhamishoni miaka zaidi ya 30 na hawakuwa na pa kulala. Kila upande ulikuwa na shida ya kweli. Ndiyo maana ni vizuri mlinzi akumbuke kila mwaka, na awaambie watoto wake, kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Anayenyamaza kwa muda mrefu huanza kusema "kwangu" bila kujua alianza lini.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya sala:

1. Ni kitu gani cha mwenzako unacho mkononi leo, na je, mwenyewe anajua unavyokitumia?

2. Ukirudi nyumbani ukakuta kuni zimeisha lakini mlango upo, utamwambia nini aliyelinda?

Bwana awalinde nyote, na awalinde pia wanaokaa katika nyumba zetu.