Mlango Huu Ulifanywa kwa Ajili ya Nani?

Mlango mbaya wa gari ni kosa la mtu, au ni bahati mbaya tu? Sisi wa Michenzani twapanda na kushuka kila siku, na taabu hii tumeizoea hata hatuisemi tena.

Chukueni gari za mbao, ambazo kwa miaka mingi zimebeba watu wa mjini na wa shamba. Mlango wake u nyuma. Abiria hukanyaga juu, huinama chini ya paa, kisha huenda amejikunja vivyo hivyo baina ya magoti ya waliokaa pande mbili, mpaka apate nafasi. Kijana hufanya hayo kwa pumzi moja. Bibi mwenye kikapu mkono mmoja na pindo la buibui mkono wa pili, hana mkono wa tatu wa kujishikia. Basi huvutwa na aliye juu na kusukumwa na aliye chini, mbele ya watoto waliomwamkia shikamoo asubuhi ile ile.

Na hizi Hiace zitokazo Japani? Mlango wake huteleza ubavuni, upande wa kushoto, na kwetu tuendeshao kushoto huo ndio upande wa salama. Aliyeufikiri alifikiri vyema. Lakini gari hutufikia imekwisha tumika miaka mingi. Mara kishikio cha ndani kimevunjika, na atakaye kushuka hutoa mkono dirishani aufungue kwa nje, au humngoja utingo. Siku ya salama ni kichekesho. Siku gari ikipinduka au ikishika moto, mlango usiofunguka kwa ndani ni ukuta.

Husemwa: ndivyo magari yalivyo, tustahimili. Hapo hatukubali. Mvua hainyeshi kwa shauri la mtu, bali mlango huwapo kwa shauri la mtu. Kweli, kila upungufu una sababu yake: paa likiinuliwa mno gari huyumba, ngazi ikishushwa mno hugonga mashimo, kiti cha mlangoni kikiondolewa, nauli ya mtu mmoja hupotea kila safari. Sababu hizi si za uongo. Lakini katika hesabu hiyo nani alihesabiwa? Faida ya mwenye gari iliandikwa. Taabu ya yule bibi haikuandikwa popote, kwa kuwa hakuwapo hesabu ilipopigwa. Aliyekuwapo ni fundi mwenye magoti mazima.

Mtu wa Japani twaweza kumsamehe, hakumjua bibi wa Michenzani. Lakini gari za mbao ziliundiwa paa na viti hapa hapa kwetu, na mafundi wenye mama na nyanya zao, karibu na Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, na ambao wageni huvuka bahari kuja kuipiga picha milango yake ya nakshi. (Milango hiyo nayo ina vizingiti vya kumkwaza mzee, ila aliyeiagiza ndiye aliyeipita kila siku.)

Tena jambo hili si la hisani tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, wataka katika kifungu cha 9 kwamba usafiri uweze kutumiwa na watu hao sawa na wengine. Mwenye kigari cha magurudumu aachwaye kituoni anadai haki yake.

Yuko pia abiria ajuaye kwamba kishikio ni kibovu, naye hushuka kimya kwa kuwa amekwisha fika. Huiita subira. Lakini taabu inayovumiliwa ni ya yule atakayekaa mahali pake, na huyo hakuulizwa.

Kishikio ni kipande kidogo cha chuma. Ngazi moja ya ziada nyuma ya gari, pamoja na bomba la kushikia, ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea. Mwenye gari akiambiwa na abiria mmoja huenda akacheka. Akiambiwa na kituo kizima, asubuhi na jioni, atauliza bei.